Kilimia, Vumbi na Istilahi: Mwanafunzi wa Kiswahili na Elimu ya Nyota Changa

Kuna dhana iliyoota mizizi katika vyuo vyetu kwamba mwanafunzi wa Kiswahili ni mtu wa mashairi, ngeli na methali, na kwamba mambo ya anga, atomi na darubini ni ya wenzake wa vitivo vingine, ambao nao huyasema kwa Kiingereza. Dhana hii imerudiwa mara nyingi hata baadhi yetu tumeiamini na kuifanya ngao ya uvivu wetu. Makala haya yanakusudia kuipinga. Hoja yangu ni kwamba Kiswahili hakipungukiwi na maneno ya sayansi kwa kiwango tunachokidhania. Kinachopungua ni matini, yaani maandishi marefu, yenye hoja na maelezo, ambamo maneno hayo yanaweza kuishi.

Ili nisije nikaonekana kuwa ninapiga porojo, nitajifunga kwenye mada moja tu: nyota changa zinazozaliwa pamoja, na gesi na vumbi linalozizunguka. Nimeichagua mada hii kwa sababu mbili. Kwanza, Waswahili walikwisha kuingia katika uwanja huu kabla ya darubini kuundwa, na jina walilolitoa bado tunalo. Pili, ni mada inayodai usahihi wa lugha. Mtu hawezi kuieleza kwa maneno ya kubahatisha.

Jina tulilorithi

Jina hilo ni Kilimia. Kila aliyepitia somo la fasihi simulizi amekutana na ile methali isemayo kwamba Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Tumeifasiri methali hii darasani kama funzo kuhusu kubadilika kwa hali za maisha. Ni sawa. Lakini kabla ya kuwa funzo la maisha, methali hii ilikuwa kalenda. Kila mwaka, kuanzia mwishoni mwa Aprili hivi hadi mwanzoni mwa Juni, Kilimia hakionekani kwa sababu kipo upande ule ule wa Jua. Huzama magharibi pamoja na Jua wakati wa masika, kisha huchomoza tena mashariki kabla ya alfajiri mvua zikipungua. Ifikapo Novemba, majira ya vuli, hukesha angani usiku kucha. Mkulima aliyekitazama alijua siku za kutayarisha jembe na siku za kupanda.

Jina lenyewe linatokana na kitenzi 'lima', na si sisi peke yetu tulio nalo. Wazulu na Waxhosa hukiita isiLimela, nao Wasotho hukiita Selemela. Maneno hayo ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, jambo linaloashiria kwamba Wabantu walizihusisha nyota hizi na kilimo tangu kale, na kwamba istilahi hii ya falaki haikuletwa kwetu na meli wala na kitabu cha shule. Miongoni mwa Waxhosa, kuonekana kwake mwezi Juni kulikuwa mwanzo wa mwaka, na mwanamume alihesabu umri wake wa utu uzima kwa idadi ya isiLimela alizoziona tangu kutahiriwa.

Basi na tujiulize, wanafunzi wenzangu: ni wangapi kati yetu wanaoweza kuitaja methali ya Kilimia katika mtihani, na ni wangapi wanaoweza kutoka nje usiku wa Desemba na kukionyesha kwa kidole? Tukiwa na jina tusilolijua kinachoitwa nalo, tumebaki na ganda la neno huku kokwa limetuponyoka.

Kundi, fungu au kichala?

Kilimia kinaonekana kwa macho matupu kama nyota sita au saba zilizosongamana. Galileo alipokielekezea darubini yake na kuchapisha alichokiona mwaka 1610, alichora nyota 36. Leo inajulikana kwamba zimo nyota zaidi ya 1,000, zenye umri wa takribani miaka milioni 100, na kwamba ziko umbali wa takribani miaka ya nuru 440. Mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja, yaani takribani kilomita trilioni 9.5. Kwa hiyo mwanga wa Kilimia unaoingia machoni mwetu leo ulianza safari yake miaka michache tu kabla ya Wareno kuanza kujenga Ngome ya Yesu kule Mombasa mwaka 1593.

Miaka milioni 100 inaonekana mingi, lakini Jua letu lina umri wa takribani miaka bilioni 4.6. Kilimia, kikilinganishwa nalo, ni mtoto. Na wapo watoto wachanga zaidi. Katika kundinyota la Jabari, ambalo Wazungu huliita Orion, kuna mahali kwenye upanga wa jabari huyo panapoonekana kama doa la ukungu. Hapo pana wingu la gesi lililo umbali wa takribani miaka ya nuru 1,300, na ndani yake mna nyota zipatazo elfu kadhaa ambazo nyingi zina umri wa miaka milioni chache tu. Mwanga tunaouona sasa ulitoka huko katika karne ya 8, enzi ambazo wakazi wa Shanga katika kisiwa cha Pate walikuwa wakijenga msikiti wao wa mwanzo.

Hapa ndipo lugha inapoanza kutudai. Nyota za Kilimia tuziite nini kwa jumla? Wapo wanaosema 'kundi la nyota', na wapo walioandika 'fungunyota'. Nina mashaka na yote mawili, na nitaeleza kwa nini. Neno 'kundinyota' limekwisha kukubalika kwa maana ya nyota zinazounda umbo fulani machoni mwetu, kama vile Jabari au Nge. Nyota za kundinyota aghalabu hazina udugu wowote. Moja huweza kuwa karibu na nyingine mbali mara kumi zaidi, ila zinaonekana pamoja kwa kuwa tunazitazama tukiwa hapa. Nyota za Kilimia ni kinyume cha hayo: kweli ziko pamoja, zinasafiri pamoja, na zilizaliwa pamoja.

Tofauti hii si ya kuchezea maneno. Mwaka 1767 Mwingereza John Michell alipiga hesabu akaonyesha kwamba uwezekano wa nyota angavu za Kilimia kusongamana hivyo kwa bahati nasibu ni takribani moja katika nusu milioni. Kwa hesabu hiyo alithibitisha kwamba lazima kuna jambo linalozifunga pamoja. Wanafunzi wa sayansi huanza kujifunza habari za nyota changa kwa kutenganisha mambo haya mawili. Lugha inayotumia neno moja kwa yote mawili inamchanganya mwanafunzi kabla hajaanza.

Mimi napendekeza 'kichala'. Kundi ni vitu au watu waliokutana, pengine kila mmoja katoka kwake. Fungu ni kitu kilichotengwa au kufungwa na mtu, kama fungu la mchicha sokoni. Lakini kichala, kama kile cha zabibu, ni matunda yaliyotoka katika kikonyo kimoja, yakakua kwa utomvu mmoja, na ambayo hatimaye huanguka moja moja. Ukimwambia Mswahili 'kichala cha nyota' umekwisha kumweleza nusu ya nadharia. Atakayeipinga istilahi hii na alete iliyo bora kuliko hii. Hivyo ndivyo elimu inavyokua. Asilolifanya ni kukaa kimya na kuliacha neno la Kiingereza lijaze pengo.

Vumbi ambalo si vumbi

Nyota huzaliwa katika mawingu makubwa ya gesi yaliyotanda katika anga iliyo kati ya nyota na nyota. Sehemu kubwa ya gesi hiyo ni haidrojeni, ikifuatwa na heliamu. Vumbi ni takribani asilimia 1 tu ya uzito wote. Mawingu hayo ni baridi mno, kwani ndani yake halijoto huweza kushuka hadi takribani nyuzi 260 chini ya sufuri katika kipimo cha Selsiasi. Baridi hiyo ndiyo siri ya uzazi. Gesi yenye joto hujitanua na kukataa kubanwa; gesi baridi haina nguvu ya kupingana na uvutano wake yenyewe. Hujikunja, hukatika vipande vipande, na kila kipande huendelea kujibana hadi kitovu chake kinapopata joto la mamilioni ya nyuzi, na viini vya haidrojeni kuanza kuungana na kuwa heliamu. Hapo nyota kamili imepatikana. Kwa kuwa wingu moja hukatika vipande vingi, nyota huzaliwa nyingi kwa pamoja, na hicho ndicho kichala.

Sasa tulitazame neno 'vumbi'. Vumbi tunalolijua ni lile la barabara ya murram, linalotimka gari likipita. Vumbi la angani ni kitu kingine. Ni chembe za kaboni na za madini ya jamii ya mawe, ambazo nyingi zina upana ulio chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita, ndogo kama chembe za moshi. Kama tungekuwa tunaanza upya leo, huenda neno 'masizi' lingefaa zaidi, kwani mama aliyepika kwa kuni anajua jinsi masizi yalivyo laini, yanavyokaa kila mahali na yanavyokula mwanga wa kibatari. Hata hivyo, neno 'vumbi' limekwisha kuzoeleka, na sioni haja ya kulifukuza. Ninachosema ni kwamba anayelitumia hana budi kulieleza. Istilahi si lebo ya kubandikwa. Ni ahadi ya kueleza.

Masizi hayo yaliwadanganya wanafalaki kwa muda mrefu. Walipima umbali wa vichala kwa mwangaza wao, wakidhani kwamba anga iliyo katikati ni safi. Mnamo 1930 Robert Trumpler, akiwa Marekani, alilinganisha vichala vingi na kugundua kwamba vile vya mbali vilionekana hafifu kuliko ilivyostahili kwa kuangalia ukubwa wao. Alihitimisha kwamba kuna kitu njiani kinachomeza mwanga. Kwa hiyo ni vichala vya nyota vilivyosaidia kuthibitisha kwamba vumbi limetanda katika galaksi yetu.

Vumbi hilo hilo ndilo linalowaficha watoto wa nyota. Mwanga wa kawaida haupenyi katika wingu zito, lakini miale ya infraredi, ambayo jicho halioni ila ngozi huihisi kama joto, hupenya. Ndiyo maana darubini ya James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021, iliundwa hasa ili kupokea miale hiyo. Miongoni mwa picha zake za kwanza, zilizotolewa Julai 2022, ilikuwamo ya ukingo wa wingu moja lililo katika eneo la Carina, umbali wa takribani miaka ya nuru 7,600, ambamo nyota zisizoonekana hapo kabla zilijitokeza zikiwa bado katika matandiko ya kuzaliwa kwao. Picha hiyo ilizunguka dunia nzima. Maelezo yake tuliyasoma kwa Kiingereza.

Kuna funzo jingine, nalo linawahusu zaidi wale wanaodhani kwamba kuandika sayansi kwa Kiswahili ni kutafsiri vitabu tu. Picha za Kilimia huonyesha utando wa buluu ulioizunguka nyota zake. Mwaka 1912 Vesto Slipher alionyesha kwamba utando ulio karibu na nyota mojawapo, Merope, hauwaki wenyewe. Unaakisi mwanga wa nyota, kama moshi unavyomulikwa na taa ya gari. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba vumbi hilo ni mabaki ya wingu lililozaa Kilimia. Maelezo hayo yalikuwa matamu na yaliandikwa vitabuni. Lakini vipimo vya mwendo vilionyesha kwamba vumbi hilo na nyota hizo havisafiri kwa kasi moja wala kuelekea upande mmoja. Kilimia kinapita tu katika wingu lisilo lake, kama msafiri aliyekutana na ukungu njiani. Anayetafsiri kitabu cha zamani neno kwa neno atawafundisha Waswahili kosa ambalo wenyewe waliolianzisha wamekwisha kulisahihisha. Mwandishi wa sayansi kwa Kiswahili hana budi kuijua sayansi yenyewe.

Vifo vya utotoni

Nifikie sasa jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo kiini cha mada hii. Kati ya gesi yote iliyomo katika wingu linalozaa kichala, ni takribani asilimia 10 hadi 30 tu inayogeuka kuwa nyota. Gesi iliyobaki huendelea kuzizunguka, na uzito wake ndio unaosaidia kuzishika nyota pamoja. Lakini nyota kubwa zikishaanza kuwaka, miale yake ya urujuanimno na pepo zake kali huisukuma gesi hiyo nje. Katika muda wa miaka milioni chache tu wingu limetawanyika. Hapo kichala hupoteza kilichokishika. Gesi ikiondoka kwa ghafla, nyota hutawanyika kila moja kivyake. Ikiondoka polepole, kichala huweza kujirekebisha na kudumu.

Mwaka 2003 Charles Lada na Elizabeth Lada walichapisha tathmini iliyoonyesha kwamba nyota nyingi huzaliwa katika vichala vilivyofunikwa na mawingu, lakini chini ya kimoja katika kila vichala kumi ndicho hufikia umri wa Kilimia kikiwa bado kimeshikana. Waliyafananisha hayo na vifo vya utotoni. Wanafalaki wengi wanaamini kwamba hata Jua letu lilizaliwa pamoja na ndugu zake katika kichala, na kwamba ndugu hao walitawanyika zamani sana. Kilimia tunachokiona, basi, ni mmoja wa manusura wachache.

Naomba msomaji aniruhusu kulinganisha, ingawa najua kila mlinganisho una mpaka wake. Istilahi za Kiswahili nazo huzaliwa kwa vichala. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Kazi hiyo ilikuwa kubwa na ya kuheshimika. Hata hivyo, orodha ya istilahi ni nyota bila gesi. Kinachoyashika maneno pamoja ni mazingira yake: vitabu vya kiada, mihadhara, makala ya magazeti, maswali ya mtihani, mabishano ya wanafunzi bwenini. Nchini Tanzania, istilahi za sayansi zilizotumika katika shule za msingi zimedumu kwa sababu watoto walizisoma, wakazisema na kuzikosea na kusahihishwa. Zile za viwango vya juu, ambako lugha ya kufundishia ni Kiingereza, nyingi zimebaki ndani ya jalada. Neno ambalo halina sentensi ya kukaa halina maisha.

Kwa hiyo lawama ya kwamba istilahi zetu 'hazikushika' tusiwarushie waliozibuni peke yao. Wao walizaa, malezi tulikuwa tumeachiwa sisi.

Wanayosema wapinzani

Najua kuna pingamizi, nazo hazistahili kudharauliwa. Ya kwanza ni kwamba sayansi haina mipaka na kwamba Kiingereza kinatosha. Ningejibu kwamba hakuna anayependekeza mwanafalaki wa Kenya asijue Kiingereza. Wajapani wanakijua, lakini darubini yao kubwa yenye kioo cha mita 8.2 iliyoanza kazi mwaka 1999 kule Hawaii waliipa jina la Subaru. Subaru ni jina la Kijapani la nyota zile zile tunazoziita Kilimia. Hawakuona haya kulipeleka jina la wakulima na wavuvi wao kwenye kilele cha sayansi.

Wala sisi si wageni kabisa huko. Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, iliitwa Uhuru. Hadi leo vyanzo vya miale vilivyoorodheshwa kutokana na kazi yake hutajwa kwa herufi U, na wanafalaki wa dunia nzima huiandika herufi hiyo, wengine pasi na kujua kwamba wanaandika Kiswahili. Aprili 2023 Kenya ilirusha setilaiti iliyoitwa Taifa-1. Majina tunayo. Swali ni kama tutaishia kwenye majina. Setilaiti yenye jina la Kiswahili ambayo kazi yake haiwezi kuelezwa kwa Kiswahili ni sawa na duka lenye kibao kizuri na rafu tupu.

Pingamizi ya pili ni kwamba mwanafunzi wa Kiswahili hajui fizikia. Ni kweli, na hata mwanafunzi wa fizikia aghalabu hajui kuijenga aya ya Kiswahili. Lakini wote wawili wanakula katika bwalo moja. Chuo Kikuu cha Nairobi kinafundisha astronomia na astrofizikia katika kiwango cha shahada. Ni umbali gani kutoka idara hiyo hadi idara ya Kiswahili? Si wa miaka ya nuru.

Pingamizi ya tatu hutoka kwa wenzetu wenye kulinda ufasaha, wanaohofia kwamba Kiswahili kitajazwa maneno ya mkopo mpaka kipoteze sura yake. Kwao nasema: Kiswahili kimekopa Zuhura, Mirihi, Mushtarii na Zohali kutoka Kiarabu na hakikufa, kilinenepa. Neno 'nebula' lenyewe Kiingereza kililikopa kutoka Kilatini, ambako maana yake ni ukungu tu. Hata 'gesi' haidhuru. Hatari si mkopo, bali ni kukopa pale tulipo na chetu, tukaacha Kilimia na kusema Pleiades kana kwamba mababu zetu walilala wakiwa wamefumba macho.

Tufanye nini?

Mapendekezo yangu ni manne, na yote yanaweza kuanza bila kusubiri fedha za wafadhili. Kwanza, majarida ya vyama vya wanafunzi, likiwamo hili, yatenge kurasa chache katika kila toleo kwa makala ya sayansi yaliyoandikwa moja kwa moja kwa Kiswahili, na kila makala yasomwe kwanza na mhadhiri mmoja wa Kiswahili na mmoja wa somo linalohusika.

Pili, tufanye utafiti wa nyanjani wa majina ya nyota. Wako wazee wa Lamu, Pate na Vanga waliosafiri kwa jahazi wakiongozwa na nyota, na wako wakulima wa bara ambao lugha zao zina majina yao ya Kilimia. Wazee hawa wanapungua. Taa za miji nazo zinaongezeka kila mwaka, na kijana anayekulia chini ya taa za barabarani huenda asikione Kilimia maishani mwake mwote. Jina likipotea pamoja na kitu chenyewe, hakuna kamusi itakayolirudisha.

Tatu, wahadhiri wetu waruhusu na kuhimiza tasnifu zinazochunguza istilahi zikiwa kazini, yaani katika matini na midomo ya watu, badala ya tasnifu zinazohesabu tu orodha na kulalamika. Nne, tukubaliane kubishana hadharani juu ya neno moja moja. Kama 'kichala' hakifai, na lisemwe hapa, kwa hoja, katika toleo lijalo. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na tangu 2022 dunia huadhimisha Siku ya Kiswahili kila tarehe 7 Julai. Heshima hizo ni za kushukuriwa, lakini lugha haikuzwi kwa sherehe peke yake.

Nyota haziwezi kuamua gesi iondoke haraka au polepole. Sisi tunaweza. Kila makala yanayoandikwa, kila mhadhara unaotolewa na kila ubishi unaofanywa kwa Kiswahili juu ya jambo la sayansi huongeza uzito unaoyashika maneno yetu pamoja. Tukiuacha uzito huo utawanyike, istilahi zetu zitakwenda kila moja kivyake, na wajukuu wetu watazikuta kwenye kamusi kama majina ya watu wasiowajua. Kilimia kimewahi kutuambia wakati wa kulima. Wenzangu, wakati wenyewe ndio huu, na jembe letu ni kalamu.